Debe la Pili

Tulipomaliza arubaini ya Mama tulikwenda kusafisha nyumba yake ya Rayners Lane, Uingereza, mimi na binti wa mdogo wangu. Yeye alishika makabati ya juu, mimi nikashika ya chini, kwa sababu nilijua ya chini ndiyo yenye mambo. Sufuria zisizo na vifuniko, vifuniko visivyo na sufuria, chupa za achari zilizokauka, mifuko ya nailoni iliyokunjwa pembe tatu kama sambusa. Mtoto akafika kwenye kona ya jiko, akalivuta debe la unga, lile la samli la zamani lililoanza kushika kutu ukingoni. Akalifunua, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ni unga tu huu, autupe?

"Usiutupe!"

Nilipiga ukelele mpaka mtoto wa watu akaruka. Maskini, hakuwa na kosa. Lakini harufu ilikuwa imeshanifika puani, ile ya unga wa chapati iliyochanganyika na bati na samli ya zamani, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio vilevile kama siku ile kwenye barabara za Ufaransa nilipokuwa na miaka tisa. Mie ni mtu mzima sasa, nina wajukuu, na bado nikienda uwanja wa ndege hupapasa mkoba mara sita kabla sijafika mlangoni. Wanangu hunicheka. Wacha wacheke. Hawakuwemo ndani ya gari lile.

Nianze na unga wenyewe. Kwetu kila Idi, watu wakishashiba na mikono imeshanawiwa, Mama alikuwa akisimulia jinsi alivyozitoa bangili zake Unguja. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa. Kila aliyeondoka baada ya mapinduzi alipekuliwa, na Mama alikuwa amezizika bangili zake sita chini kabisa ya debe la unga, juu yake akaweka chupa yangu ya maziwa na kijiko. Askari akafunua, akachungulia, akauliza, "Unga wa nini huu?" Mama akamjibu, "Wa mtoto, baba. Tuendako sijui kama kuna cha kula." Yule askari akamfungia debe kwa mkono wake mwenyewe. Hapo watu wote hucheka, na Mama huinua mkono zikalia bangili.

Hadithi hiyo niliisikia mpaka nikajua pa kucheka na pa kunyamaza. Nyinyi wenzangu mliokuja kama tulivyokuja sisi mna zenu: nani alishona vidani ndani ya mto, nani alivaa nguo tano juu ya nguo. Watu wazima husimulia ili wacheke. Mtoto hasikilizi kicheko, husikiliza njia. Na mie njia niliyoishika ilikuwa moja tu, kwamba kitu usichotaka kichukuliwe, kitie kwenye unga.

Sasa nije kwenye kitabu cha Baba. Mama alizaliwa Mombasa na alikuwa na paspoti ya Kiingereza, nami niliandikwa ndani yake, jina langu chini ya jina lake. Baba alizaliwa Unguja, na mambo yalipogeuka akajikuta si wa huku wala wa kule. Alichokuwa nacho ni kitabu chembamba cha kusafiria, cha buluu, alichokipata baada ya kwenda Croydon, kwenye ofisi za uhamiaji, mara nisizojua idadi yake. Siku nyingine alinichukua. Tulipanda treni mbili, tukakaa kwenye viti vilivyopangwa safu ndani ya lile jengo refu, Baba amevaa suti yake ya harusi na kuweka mikono magotini kama mwanafunzi. Nilimwona Baba yangu, fundi ambaye gereji nzima ya mabasi ilimwita injini zikikataa kuwaka, akiinuka haraka kila jina likiitwa, hata kama si lake.

Siku kitabu kilipotoka alikileta nyumbani, akakiweka juu ya meza ya chakula, tukakizunguka wote. Akakigonga kwa kidole.

"Mnakiona hiki? Hiki kikipotea, mimi si mtu."

"Usitamke maneno mabaya mbele ya mtoto," Mama akamkemea.

Amechelewa. Mtoto alikuwa ameshayabeba. Niliamini neno kwa neno: kitabu kikipotea, Baba atafifia. Nilidhani ataanzia miguuni, kisha mikono, kisha kitabaki kiti na kikombe cha chai kinachotoa mvuke. Usiku nilikuwa nikilala, mchana nikicheza, lakini kila Baba akivua koti macho yangu huenda kwenye mfuko wa ndani.

Basi wakaja hao rafiki zake na mbio zao. Wa kwanza ni Derek, dereva wa basi, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa na mpwa wake mdogo mgonjwa wa figo. Hospitali ya mtaani kwao ilikuwa na mashine moja ya kusafisha damu, na watoto wakiingoja kwa zamu. Wa pili ni Ami Karimu, kondakta wa basi lake Derek, aliyesoma skuli moja na Baba huko Unguja. Ami Karimu alikuwa mfupi, ana kitambi cha adabu, na zamani alikuwa bingwa wa mbio wa skuli yao, jambo ambalo hakumwacha mtu yeyote alisahau. Wawili hao wakaamua watakimbia siku sita, maili ishirini kila siku, kutoka mji mmoja wa Ufaransa wenye kanisa la minara miwili isiyolingana mpaka baharini Dieppe, na watu wachangie mashine ya pili. Kwa nini Ufaransa na si Brighton? Derek alisema Brighton kila mtu ameshakwenda, hakuna atakayetoa hata shilingi.

Walitaka mtu wa kuendesha gari la mizigo nyuma yao na mtu wa kuwapikia. Baba akasema atakwenda, na mkewe atapika.

"Sisi tutoke?" Mama akauliza. Alikuwa akichagua mchele, akaacha. "Tutoke kwa hiari yetu? Baba watoto, watu wanalia waingie, wewe unataka kutoka nje ukajaribu kama mlango utafunguka tena?"

"Nina kitabu."

"Kitabu hicho si paspoti. Wakisema hurudi, hurudi. Utakaa kule na nani? Na ng'ombe?"

Baba akasema, polepole, "Maisha yangu nimeondoka mahali kwa kufukuzwa tu. Mara moja, mara moja tu, nataka kwenda pahala halafu nirudi kwangu kama watu wengine."

Jioni ile Mama alianza kupanga madebe mawili ya unga.

Tulipoteremka meli Dieppe, mtu wa uhamiaji alitazama paspoti ya Derek kwa kupepesa jicho, ya Ami Karimu vilevile, yetu mimi na Mama akaifungua na kuifunga. Kitabu cha Baba akakigeuza mbele na nyuma, akainuka nacho, akaingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Tukangoja. Baba alisimama mbele ya dirisha lile tupu akitabasamu, ingawa hakukuwa na mtu wa kumtabasamia. Nilimtazama miguu. Ilikuwepo bado. Mtu aliporudi akagonga muhuri.

Tukaendesha mpaka ule mji wa minara, mbio zikaanza. Siku tatu za mwanzo zilipita, na ningekuwa mtoto mwingine ningezifurahia. Mashamba ya ngano hayana mwisho, na katikati yake watu wawili wanakimbia, mmoja mrefu mmoja mfupi, na nyuma yao gari letu linatambaa, milango ya nyuma iko wazi. Kila maili tatu Baba husimama, mimi natoa maji na vipande vya ndizi. Mama alipika chapati kando ya barabara kwenye jiko la gesi, ameshuka na sufuria zake zote kana kwamba anahamia, na Derek alizila na jamu, tano tano, huku Ami Karimu akimlalamikia kwamba huko ni kuitukana chapati. Jioni walitia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Malengelenge ya Derek yalikuwa makubwa kama zabibu. Ami Karimu goti lilivimba, akasema halivimbi, ni umbo lake.

"Bingwa," Baba humwita, "bingwa, nikupakie garini?"

"Nipakie siku nikifa," Ami Karimu hujibu, na huinuka akichechemea.

Siku ya tatu alasiri polisi wawili walitusimamisha. Walitaka karatasi za gari, wakataka na vitabu vya watu. Kile cha Baba wakakitazama pamoja, vichwa vimegusana, na mmoja akaandika kitu kwenye kidaftari. Kisha wakazungumza na Derek, aliyejua Kifaransa cha kuombea mkate, wakaenda zao. Tulipofika shamba ambalo tungelala, mimi nikiwa nyuma ya gari napanga vikombe, nikamsikia Derek akimwambia Baba, "Wale polisi wamesema kesho watatungoja darajani."

Baba alisema, "Sawa." Akalisema kwa sauti ndogo, ile ya Croydon.

Wameandika kwenye daftari na kesho wanatungoja! Nikawaona wanakichukua kitabu, mlango unafungwa, safari hii haufunguliwi tena, na sisi tunapanda meli na kiti kitupu. Watu wazima wote walikuwa kwenye mabeseni yao wakicheka. Nikashangaa kwamba hakuna anayejiandaa, hata Mama, Mama wa bangili! Basi nikajiandaa mimi. Koti la Baba lilining'inia nyuma ya kiti cha dereva. Nikakitoa kitabu, nikalifunua debe la pili, lile lililokuwa halijaguswa, nikakisukuma mpaka chini kabisa, nikausawazisha unga kwa kiganja kama nilivyomwona Mama akifanya. Nikafunika. Nikanawa mikono. Wallahi nililala usingizi mzuri kuliko usiku wowote wa safari ile.

Shamba lile lilikuwa la bibi mmoja wa makamo, mpana, amevaa aproni ya buluu na viatu vya mpira. Hatukujua lugha yake wala yeye yetu. Jioni alikuwa amemletea Mama bakuli la mayai, mayai kumi yenye manyoya yake, akamsukumia mikononi na kuondoka. Asubuhi ya siku ya nne, mimi na Baba tulikwenda bombani kujaza chupa za maji, tukarudi tukapanda gari, tukaondoka. Bibi alitupungia mkono getini, akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

Kituo cha pili cha maji, kama maili sita mbele, Mama akashusha jiko akande unga. Akavuta debe. Nikaliona limefika nusu. Nikatazama nyuma yake, chini ya mablanketi, nyuma ya tairi la akiba. Hakuna.

"Mama, debe la pili liko wapi?"

"Nimempa yule bibi."

"Umempa?"

"Sasa bakuli lake la mayai ningelirudisha vipi? Tupu? Chapati wamezimaliza hawa wanaume, sukari imekwisha, nimpe vitunguu? Zimebaki siku mbili na kitu, hili nusu linatutosha. Alifurahi, masikini, akanibusu huku na huku."

Nanyi mnajua. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu; hata kama hana kitu mtu atatia chumvi, atatia majani ya mlimao. Mama alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Na mimi nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Nikakaa juu ya gurudumu la akiba, masikio yanavuma.

Ningesema pale pale ingekuwa maili sita tu. Sikusema. Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini, na jibu ni la kijinga: nilifikiri nikitamka ndiyo kitakuwa kimepotea kweli, na nisipotamka bado kipo. Kwa hiyo nikanyamaza na gari likatambaa mbele. Nikawa nachungulia mawe ya kando ya barabara yenye namba, kila jiwe linatuvuta mbali na lile debe. Baba alikuwa akipiga mluzi. Nilimtazama vidole kwenye usukani, kimoja kimoja. Vilikuwa vyote. Nikajiambia haya mambo hayatokei mara moja, labda yanaanza ndani.

"Leo redio imezimwa?" Ami Karimu akanitania nilipompa maji. Jasho lilikuwa linamtiririka na goti amelifunga kitambaa. "Mtoto huyu kila siku huniuliza maswali mia. Vipi, bibie, umenichoka?"

Nikatikisa kichwa.

Saa sita mchana tukaliona daraja. Refu, la chuma, magari yanapita kwa fujo, na mwanzoni mwake polisi wanne na pikipiki. Nikamshika Baba mkono wa shati. Polisi mmoja akaingia katikati ya barabara, akainua mkono, akapiga filimbi. Malori yakasimama, mabasi yakasimama. Kisha akageuka, akawafanyia Derek na Ami Karimu ishara ya kuwapisha kama anafungua pazia. Daraja zima lilikuwa tupu kwa ajili yao. Wakavuka wawili, mrefu na mfupi, polisi wakiwapigia makofi, na yule wa daftari, yuleyule, alimpigia Ami Karimu saluti. Baba akapiga honi. Mama alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

Kumbe. Walikuwa wamengoja kutuvusha.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kilio cha kukata pumzi, na Mama akadhani ni furaha, kisha akadhani ni tumbo, kisha akanishika mashavu. "Una nini? Sema! Una nini?"

Nikasema.

Mama hakunipiga wala hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Lahaula," kwa sauti ya chini sana, na mkono wake ukashika bangili zake, zikanyamaza. Baba alikuwa ameshasimamisha gari ng'ambo ya daraja. Akapapasa mfuko wa koti, akapapasa mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza. Uso wake ulikuwa na rangi ya karatasi. Nilikuwa na hakika kwamba sasa ndiyo inaanza.

Derek na Ami Karimu walikuja wanatweta, wakaelezwa. Baba akasema kwa Kiingereza kwamba yeye atarudi kwa miguu, wao waendelee na gari, watu wameshachanga, mbio zisisimame kwa sababu yake. Derek akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi pale pale juu ya ukingo wa barabara, akavua raba moja, akavua ya pili.

"Mbio zitangoja," akasema. "Nenda na gari."

"Na goti langu lilikuwa linatafuta kisingizio," Ami Karimu akaongeza, akaketi kando yake. "Nenda bwana, usinitazame hivyo. Nenda!"

Mama akabaki nao na chupa za maji. Mimi na Baba tukarudi njia tuliyotoka. Ilikuwa kama maili kumi na moja, na mimi nilikaa nimefumba macho kwa sababu niliogopa nikimtazama nisimwone. Nilisikiliza pumzi zake. Maadamu zinasikika, yupo.

Bibi alikuwa jikoni kwake, mlango wazi. Juu ya meza kulikuwa na debe letu, limefunuliwa, na kilima cha unga kando yake, na mikono yake imezama kwenye donge. Alituona akafurahi, akaja na mikono myeupe kutukaribisha. Na Baba akasimama kizingitini, hasogei.

Nilielewa mara moja, maana hilo nilifundishwa tangu natambaa. Ataombaje? Atamwambiaje mtu, kwa mikono, kwamba nimekuja kuchukua tulichokupa? Alinyoosha kidole kuelekea debe, akakirudisha. Alitabasamu, akafungua mdomo, akaufunga. Bibi akamtazama, akalitazama debe, na furaha ikaanza kumtoka usoni. Akalisukuma debe kidogo mbele, kana kwamba anasema, lichukueni basi. Nilimwona Baba akiinamisha kichwa kwa haya. Yule mtu alikuwa tayari kuacha kitabu pale kuliko kuonekana ameomba zawadi irudi. Naapa, alikuwa ameshageuza mguu mmoja.

Nikampita chini ya mkono. Nikapanda juu ya kigoda, nikatumbukiza mkono debeni mpaka kiwikoni. Bibi akapiga ukelele. Nilipapasa, unga ukaniingia puani, nikapapasa chini, pembeni, na hakuna, hakuna, halafu pembe ngumu ikanichoma kidole. Nikakitoa. Unga ulimwagika sakafuni kama mvua.

Bibi akakitazama kitabu mkononi mwangu. Akamtazama Baba, aliyeegemea mlango. Kisha akaweka mkono mdomoni, unga wote ukabaki shavuni. Akaenda kwenye jiko lake la kuni, akainama, akaonyesha jinsi ya kuzika kitu kwenye majivu. Akasimama wima, akakanyaga sakafu kwa visigino, pa, pa, pa, buti za askari, akapita mbele ya jiko na kidevu juu, hakuona kitu. Akajigonga kifuani, akaonyesha kimo cha msichana mdogo. Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na yule bibi akamwacha, akarudi kukanda donge lake.

Njiani kurudi darajani Baba alisimamisha gari kando ya shamba la ngano. Akazima injini.

"Kwa nini ulikificha?"

"Wasikichukue."

"Wakikichukua itakuwa nini?"

"Ulisema. Ulisema kikipotea wewe si mtu."

Baba alitazama mbele. Kwenye dirisha la mbele kulikuwa na wadudu wa siku nne waliokauka.

"Tangu jana jioni hiki kilikuwa hakipo," akasema. "Siyo?"

"Ndiyo."

"Nitazame. Mimi nani?"

Nikamtazama. Alikuwa na unga kwenye kope.

"Baba."

"Basi," akasema. "Nilisema vibaya. Mambo ya kusema mtu akishachoka. Umesikia?" Akawasha gari, na kabla ya kuondoka akapapasa mfuko wa koti, akidhani sikumwona.

Mbio zilimalizika, kama mnataka kujua. Siku ile walikimbia mpaka jua linazama ili walipe muda waliopoteza, na siku ya sita Ami Karimu aliteremka kwenye kokoto za Dieppe akikimbia kwa mguu mmoja na nusu, akatia raba zake baharini na kumwambia Baba, "Sasa nipakie." Baba akambeba mgongoni mpaka garini. Mashine ilinunuliwa baadaye, na mpwa wake Derek alikuja kwetu Idi akala biriani kuliko wote.

Upande wa Uingereza, mtu wa uhamiaji alikifungua kitabu cha Baba na unga ukamwagikia koti lake jeusi. Mama alinikamata bega mpaka nikaumia. Yule mtu akapangusa, akanusa kidole, akamtazama Baba akauliza hiki nini. Baba akamwambia kwamba mkewe hupika chapati. Mtu akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akagonga muhuri. Tukapita.

Miaka michache baadaye Baba alipata paspoti kamili, na kile kitabu akarudishiwa kimekatwa pembe moja, hakina kazi tena. Mama alitaka kukitupa. Alikuwa mkali sana juu ya mambo yale, alinikataza nisiutie mkono unga wake mpaka nilipoolewa, na kila Idi akisimulia bangili zake aliongeza, "Lakini watoto, msifanye hivyo, leo si zamani." Baba alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Baada ya mazishi nilikitafuta kitabu kwenye makaratasi yake, sikukiona, nikadhani Mama hatimaye amekitupa, na nilimkasirikia kimoyomoyo.

Haya yote sikumwambia binti wa mdogo wangu pale jikoni Rayners Lane. Nilikunja mkono wa gauni tu. Akaniuliza, "Shangazi, unafanya nini?" Nikatumbukiza mkono mpaka kiwikoni. Unga ulikuwa laini, mpya, haukuwa na mdudu hata mmoja. Mama alikuwa ameununua mwezi aliofariki. Nikapapasa chini, pembeni, na pembe ngumu ikanigusa kidole.

Kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni uliokunjwa kama sambusa. Kitabu cha buluu, pembe imekatwa, picha ya Baba amevaa suti yake ya harusi. Kwa hiyo kila unga ulipokwisha, kwa miaka kumi na moja, Mama alimtoa, akampangusa, akamwaga unga mpya, akamrudisha chini kabisa, asije mtu akamchukua.

Nikamrudisha. Nikausawazisha unga kwa kiganja, nikafunika, nikamwambia mtoto debe hili nitalibeba mimi mwenyewe.